Mgonjwa wa wodi ya upasuaji akisema "Alhamdulillahi", ameridhika na huduma?

Mwanafunzi wa uuguzi, Chake Chake

Assalamu alaykum. Ninaandaa utafiti wa kumalizia masomo yangu, na mada niliyopewa ni kuridhika kwa wagonjwa na huduma wanazopata katika wodi ya upasuaji. Nimelijaribu dodoso langu kwa wagonjwa wachache kabla ya kuanza kazi yenyewe, na majibu yamenitia mashaka. Karibu kila niliyemuuliza kama ameridhika na wauguzi, na daktari, na usafi wa wodi, alinijibu "Alhamdulillahi", nami nikatia alama kwenye kisanduku cha "nimeridhika sana". Lakini mama mmoja niliyemjazia alama za juu kabisa, nilipofunga daftari na kukaa naye kitako, alinieleza kwamba usiku wa kwanza baada ya kupasuliwa alikaza meno kwa maumivu mpaka alfajiri, kwa sababu aliona haya kumwita muuguzi aliyekuwa peke yake na wodi nzima. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia mapema, alisema: "Mwanangu, nimeingia naumwa, natoka mzima, nimlaumu nani tena?"

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Nibadilishe maswali, mahali pa kuulizia, au mtu wa kuuliza?

Muuguzi mstaafu, Unguja

Waalaykum salaam, mwanangu. Nimefanya kazi katika wodi ya upasuaji ya wanawake kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba mama huyo hakukudanganya. Alhamdulillahi yake ilikuwa ni shukurani kwa Mola aliyemtoa salama chini ya kisu, nawe ukaiandika kuwa ni sifa ya wodi. Kwa hiyo liondoe neno "umeridhika" katika maswali ya mwanzo, umuulize mgonjwa yaliyomtokea. Usiku wa kwanza, ulipotaka dawa ya maumivu, ilichukua muda gani kukufikia? Nani alikueleza utapasuliwa nini, na kwa lugha gani? (Swali hili lina uzito kwetu, kwa sababu madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964, na mara nyingi maelezo yao humfikia mgonjwa kwa njia ya mkalimani.)

Suala la njaa usilisahau hata kidogo. Kanuni za dawa za usingizi zinazofuatwa sehemu nyingi duniani humtaka mtu mzima asiye na matatizo mengine aache chakula chepesi muda wa saa 6 kabla ya kulazwa usingizi, na maji matupu muda wa saa 2 tu. Lakini desturi iliyozoeleka wodini ni kuwaambia wote wasitie kitu kinywani tangu usiku wa manane, na yule wa mwisho katika orodha huingia thieta alasiri, midomo imemkauka. Mgonjwa wa namna hiyo atakwambia ameridhika, kwa kuwa anadhani ndivyo upasuaji ulivyo. Wewe muulize alikunywa maji mara ya mwisho saa ngapi na aliingizwa thieta saa ngapi, ukaihesabu tofauti mwenyewe.

Na usimuulize kitandani ukiwa umevaa sare. Ambaye kesho atakunyooshea mkono umchome sindano hawezi kukutia dosari leo.

Mtoto wa mgonjwa, Wete

Naongeza kwa upande wetu sisi tunaouguza. Baba yangu alipasuliwa ngiri katika hospitali moja, na yaliyomvunja moyo hayakuwa maumivu. Aliulizwa jina lake na upande wenye ngiri akiwa wodini, akaulizwa tena mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na mara ya tatu akiwa amekwishalala juu ya meza. Alirudi akatuambia: "Wale hawakuwa wakijua hata wananipasua wapi." Mpaka leo haisemi vizuri hospitali ile, ingawa kidonda kilipona bila ya tatizo lolote. Fomu ya ridhaa nilitia saini mimi, nimesimama ukumbini, bila ya kusomewa, na yeye mwenye mwili wake na akili zake timamu hakuulizwa. Nimelifikiria sana jambo hili, maana ridhaa na kuridhika ni maneno ya mzizi mmoja, na sioni vipi mtu ataridhika na kitu ambacho hakukiridhia.

Muuguzi mstaafu, Unguja

Mwanangu wa Wete, imenisikitisha hiyo fomu. Saini ilikuwa ni haki ya mzee wako. Ama yale maswali matatu, waliomuuliza walikuwa wakimlinda. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, ambayo hupitiwa kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani, na inaanza na mgonjwa kuthibitisha yeye ni nani, anapasuliwa wapi na anapasuliwa nini. Alikosekana mtu wa kumwambia: "Mzee, tutakuuliza mara kwa mara ili tusikosee." Mwanafunzi wetu aone hapo kwamba huduma nzuri ilipata alama mbaya, kama vile usiku mbaya wa yule mama ulivyopata alama nzuri.

Mwanafunzi wa uuguzi, Chake Chake

Nakushukuru sana, Bi Muuguzi, nawe ndugu yangu wa Wete. Nimeyaondoa maswali yote ya "umeridhika" isipokuwa moja, nililolipeleka mwisho kabisa ili nione linavyopishana na yaliyotangulia. Nimetia swali la maji, la usiku wa kwanza, la mkalimani, la nani alitia saini, na la kama mgonjwa alielezwa kwa nini anaulizwa jina mara kwa mara. Nitawauliza siku wanayorudi kutolewa nyuzi, nikiwa sina sare, kwenye benchi la nje.

Limebaki moja linalonisumbua. Baadhi ya wagonjwa wanaotoka mbali hutolewa nyuzi katika kituo cha afya kilicho karibu na kwao, hawarudi walikopasuliwa, na nisipowafuata nitakuwa nimewaacha waliotaabika zaidi kwa safari. Nimeomba ruhusa ya kuwafuata majumbani, na inshaallah nitaanza na wa Kojani.