Kilebu wa wiki 9: nimfungie ndani hadi chanjo ziishe, au nimtoe azoee watu?

Mama wa Lanet (Nakuru)

Habari zenu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kulea vilebu, yaani watoto wa mbwa, wenyewe.

Mwezi Februari kilebu wetu wa kwanza, Simba, alikufa kwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, akiwa na miezi 3. Asubuhi alikataa uji, jioni akatapika povu, na kesho yake akaharisha damu yenye harufu ambayo hadi leo sijaisahau. Tulimfikisha kwa daktari wa mifugo siku ya tatu, akatundikiwa maji, lakini usiku huo hakuuvuka. Alikuwa amedungwa chanjo mara moja tu, nami niliamini kwamba hiyo moja ilimtosha.

Sasa, miezi 7 baadaye, mjomba wa watoto wangu amewaletea kilebu mwingine kutoka Njoro. Anaitwa Bobi, ana wiki 9, amepewa dawa ya minyoo mara 2, na alipata chanjo ya kwanza ya mchanganyiko akiwa na wiki 7. Daktari aliyemwona aliniambia nisimtoe nje ya lango hadi amalize chanjo zote, yaani hadi wiki ya 16. Kwa hofu ya yaliyompata Simba nimezidisha hapo: Bobi analala na kushinda stoo, haguswi na mtu asiye wa nyumbani, na wageni wakibisha hodi nafunga mlango wake kwanza.

Juzi fundi wa mabomba aliingia na ngazi begani. Bobi alijikojolea, akajibanza nyuma ya magunia ya mahindi, na hakutia kitu kinywani hadi usiku. Jirani yangu aliyefuga mbwa tangu utotoni alisema kwamba nikiendelea hivi nitalea mbwa mwoga, na kwamba mbwa mwoga ndiye anayeuma watoto. Nina binti wa miaka 6. Je, nihofie lipi zaidi, parvo au woga? Na uwanja huu alimofia Simba, unamfaa huyu wa pili?

Mhudumu wa Mifugo (Kisumu)

Pole sana kwa Simba, dada. Nimefanya kazi ya afya ya wanyama kwa miaka 14, na kisa kama chako nimekisikia mara nyingi kuliko nipendavyo, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa urefu.

Kwanza, sindano moja haikumtosha Simba kwa sababu hii. Kilebu hupata kinga kutoka kwa mama yake, hasa kwa maziwa ya saa za kwanza baada ya kuzaliwa. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna anayeweza kukutajia kwa kumtazama tu ni wiki ipi itakapokuwa imeisha mwilini mwake; kwa mmoja huisha akiwa na wiki 8, kwa mwingine wiki 14. Ndiyo maana chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, hadi afikishe wiki 16 au zaidi. Ile ya mwisho ndiyo watu wengi huiacha kwa kuona kilebu amekuwa mkubwa na mchangamfu, nayo ndiyo ninayokusihi usiikose kabisa. Ya kichaa cha mbwa hupewa kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka.

Sasa kuhusu woga. Kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14 akili ya kilebu huwa wazi kupokea mambo mapya. Anachokutana nacho kwa wema katika majuma hayo hukiona kuwa sehemu ya maisha, na asichokutana nacho huelekea kukiogopa baadaye. Umeona shida ilipo: majuma ya hatari ya parvo ndiyo hayo hayo majuma ya kuzoea dunia. Ukingoja wiki ya 16 ndipo umfungulie mlango, mlango wa pili utakuwa umeshafungwa. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba kilebu anaweza kuanza kukutanishwa na wenzake akiwa na wiki 7 au 8, mradi zimepita siku 7 tangu chanjo ya kwanza na amepewa dawa ya minyoo. Bobi amevifikia vigezo hivyo. Hata hivyo wenzetu wale walikuwa wakifikiria darasa la ndani, lenye sakafu iliyosafishwa na vilebu waliochanjwa. Mitaa yetu ina mbwa wengi wanaozurura bila chanjo, kwa hiyo mimi huwa mkali zaidi kwa jambo moja: macho, masikio na pua za kilebu zitoke nje ya lango, lakini nyayo zake zisiguse ardhi ambapo mbwa usiowajua hupita.

Mbebe. Mtie kwenye kikapu chenye leso, au mpakate, ukae naye karibu na steji ya bodaboda kwa dakika 10 au 15, kisha mrudi. Siku nyingine mpeleke mahali ambapo kisiagi kinasikika kwa mbali, siku nyingine nje ya shule watoto wanapotoka. Aone mtu mwenye helmeti, mzee mwenye mkongojo, mwanamke mwenye mwavuli, askari mwenye sare, mtoto anayekimbia. Kila kitu kigeni kinapotokea, mpe kipande kidogo cha nyama iliyochemshwa. Akikataa kula, akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo bila usingizi, akigeuza uso au akikunja mkia, hizo ni dalili kwamba mko karibu mno. Rudi nyuma hatua kadhaa hadi ale tena. Usimsukumie kitu anachokiogopa ili eti akizoee, kwa maana atakachojifunza ni kwamba wewe humsikilizi.

Wageni wanaokuja kwako usiwafungie mlango tena. Wavue viatu mlangoni, wanawe mikono, kisha wakae chini wakimpuuza hadi yeye mwenyewe awasogelee. Yule fundi, kama ni mtu mwema, mwalike tena bila ngazi. Baadaye aje nayo ikiwa imelazwa chini, na mwisho aibebe.

Kuhusu uwanja, sitakuficha. Virusi vya parvo vinaweza kuishi udongoni kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka penye kivuli na unyevu, na sabuni ya kawaida haiviui. Kwenye sakafu ya saruji na vyombo, sugua kwanza uchafu wote utoke, kisha mwagia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, uiache dakika 10 kabla ya kusuuza. Udongoni dawa hiyo haifai kitu, kwa sababu uchafu huiua nguvu; huko msaada wako ni jua. Fyeka nyasi, punguza kivuli, na kwa sasa Bobi acheze kwenye saruji iliyosafishwa. Kama matandiko ya Simba bado yapo, yachome leo.

Mzee wa Shinyalu (Kakamega)

Binti yangu, jirani yako amekuambia kweli, nami ninaijua kweli hiyo kwa uchungu.

Mwaka 2016 nilinunua kilebu ili alinde boma. Nilifanya kama wengi tunavyofanya huku: nikamjengea kibanda, akawa hutolewa saa 3 usiku na kurudishwa kabla ya kupambazuka. Nilitaka awe mkali. Wapo hata walionishauri nimlishe pilipili, nami namshukuru Mungu kwamba hilo sikulifanya, kwa sababu ni kumtesa mnyama bure. Alipofika mwaka mmoja na nusu hakuwa mkali, alikuwa amejaa hofu, ingawa sikujua kuzitofautisha hali hizo. Siku moja mjukuu wangu wa miaka 5 alifungua komeo la kibanda ili ampe mfupa, akaumwa mkononi na shavuni.

Tuliosha vidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili, kama mwalimu mmoja wa hapa alivyokuwa ametufundisha, kisha tukamkimbiza hospitalini. Kwa kuwa nilikuwa nimeacha chanjo ya mbwa ipitwe na wakati, mtoto alidungwa sindano kadhaa kwa majuma, na mbwa akafungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Hakuwa na kichaa. Lakini siku zile 10 sikulala, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Baada ya hapo nilianza kusoma mambo ambayo ningepaswa kuyasoma kabla. Karibu visa vyote vya kichaa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya tangu mwaka 1912, na serikali ilizindua mkakati mwaka 2014 wa kuumaliza ifikapo 2030, ambao nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kumbe mbwa wangu mmoja ambaye sikumchanja nilikuwa nimemwondoa katika hesabu hiyo. Tangu hapo, kila inapokaribia tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kimataifa ya kupambana na kichaa cha mbwa, huuliza kama kuna kampeni ya chanjo karibu nasi, na huwapeleka mbwa wangu wote wawili wakiwa wamefungwa kamba.

Hawa wawili nimewalea tofauti. Wanashinda nasi uani, wanajua sauti za watoto, na usiku wanabweka panapostahili. Mbwa aliyezoea watu wema humtambua mgeni asiye wa kawaida upesi kuliko yule anayeogopa kila mtu. Na jambo moja kwa ajili ya binti yako: mfundishe asimguse Bobi anapokula au anapolala, na msiwaache wawili hao peke yao, hata kama ni marafiki.

Mfugaji wa Kiamunyi (Nakuru)

Waliotangulia wamesema mengi, nitaongeza mawili tu.

La kwanza ni chanjo yenyewe. Chanjo inapaswa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi inapodungwa. Uliza inatolewa wapi; ikitoka kwenye rafu au kwenye mfuko wa koti, ondoka. Hakikisha pia kwamba kibandiko cha chupa kinabandikwa kwenye kadi ya Bobi pamoja na tarehe.

La pili ni kupe. Tafadhali usimwogeshe kilebu kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, hata ukiambiwa kwamba utaipunguza nguvu kwa maji. Mwaka jana niliona vilebu 3 wa nyumba moja waliooshwa kwa dawa ya namna hiyo wakilegea, wakipoa mwili na kushindwa kusimama, mmoja hakuamka. Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, na usome umri na uzito unaoruhusiwa. Kwa Bobi aliye mdogo hivi, vidole vyako na mwanga wa jua vinatosha: kila jioni mkague masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Ukaguzi huo utamzoesha pia kushikwa, na daktari atakushukuru.

Mama wa Lanet (Nakuru)

Nawashukuru kwa dhati. Mzee, nimesoma habari za mjukuu wako mara mbili, na natumaini alipona vizuri.

Zimepita siku 16. Bobi amepata sindano ya pili, na kibandiko kimo kwenye kadi. Stoo tumeisugua na kuimwagia klorini, matandiko tumechoma. Kila jioni nambeba kwenye kikapu hadi karibu na steji. Siku ya kwanza alijificha kichwa kwapani mwangu, siku ya tano alikula akitazama pikipiki, na jana mwendeshaji mmoja alivua helmeti, akaivaa, akaivua tena, na Bobi akatikisa mkia. Fundi naye amekuja mara mbili. Ngazi bado iko chini, wala hatuna haraka.

Limebaki jambo moja. Mvua zimeanza, na ngurumo ikipiga juu ya mabati anatetemeka na kulia. Mama mkwe ananiambia nisimbembeleze, kwamba nitamfundisha kuogopa. Ni kweli?

Nyar Dunga (Kisumu)

Dada, sisi wa kando ya ziwa radi ni jirani yetu, kwa hiyo hili niache nilijibu mimi. Kwa heshima zote kwa mama mkwe, kumtuliza hakumfundishi woga. Hofu si ujanja ambao mbwa anaufanya ili alipwe. Kaa naye, umshike kama anataka kushikwa, uongee kwa sauti ya kawaida, na akikubali kula, mpe chakula kila ngurumo inapopita. Mwekee boksi lililofunikwa blanketi kwenye chumba chenye dari, ambako mabati hayasikiki sana, na asifungiwe humo. Awe na uhuru wa kuingia na kutoka.

Siku za jua, cheza sauti ya mvua kwenye simu ikiwa chini sana huku akila, kiasi kwamba masikio yanasimama lakini mdomo hauachi kutafuna. Ongeza kidogo kidogo kwa siku nyingi. Wa kwangu alichukua wiki 6. Juzi mvua ya mawe ilipopiga alinyanyua kichwa, akanitazama, akalala tena.