Techno ni ya Berlin au ya Detroit? Juan Atkins mnamweka wapi?

Wakuu habari zenu. Tangu Machi 2024 Ujerumani iingize techno ya Berlin, ule muziki wa kielektroniki wa kuchezea klabuni, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa nchi yao, kila muziki huu ukitajwa watu wanasema ni wa Wajerumani. Mimi nakataa, tubishane kwa hoja.

Juan Atkins, ambaye mimi namhesabu mwanzilishi wa techno, ni mtu mweusi wa Detroit, Marekani, kazaliwa 1962. Akiwa bado kijana bibi yake akamnunulia kinanda cha kielektroniki (synthesizer) cha Korg MS-10, basi dogo akawa anajirekodia nyumbani, ngoma, besi, na sauti za ajabu ajabu zote anazitoa kwenye kinanda hichohicho, anarekodi moja kwenye kaseti halafu anaipiga tena huku anaongezea nyingine juu yake mpaka wimbo mzima unatimia. 1981 yeye na Rik Davis, askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, wakajiita Cybotron wakatoa "Alleys of Your Mind" kwa lebo yao wenyewe. 1985 akafungua lebo ya Metroplex, akatoa "No UFOs" kwa jina lake la kisanii la Model 500. Hapo Ukuta wa Berlin bado umesimama! Klabu ya Tresor ya huko Berlin imekuja kufunguliwa 1991, na santuri ya kwanza ya lebo yao ni ya kundi la X-101, yaani Jeff Mills, Mike Banks na Robert Hood, wote wa Detroit.

Kuna mdau kaniambia Kraftwerk, bendi ya Ujerumani ya muziki wa kielektroniki, walitangulia na Atkins mwenyewe anakiri aliwasikiliza. Ni kweli, alikuwa anawasikia redioni kwa Electrifying Mojo, mtangazaji wa Detroit, lakini Mojo huyohuyo alikuwa anapiga nyimbo za fanki (funk) za Wamarekani weusi kama Parliament na Prince usiku huohuo, na ile fanki ndiyo inayofanya techno ichezeke, Kraftwerk peke yao wasingefika hapo.

Sina ugomvi na Berlin, klabu zao zimewapa hawa jamaa wa Detroit jukwaa na heshima ambayo Marekani haikuwapa, hata dunia ilianza kuwajua kupitia albamu ya mkusanyiko iliyotolewa Uingereza 1988. Kinachoniuma ni kuona mwenye mali anageuzwa mgeni mwalikwa, wakati mzee Atkins bado yupo hai.

Anayepinga alete santuri ya techno iliyotengenezwa Berlin kabla ya 1985, tuisikilize wote.