Triathloni haimo Glasgow 2026: sisi yatuhusu?

Wadau, leo nataka tubishane kidogo. Jimbo la Victoria kule Australia lilijitoa Julai 2023 kuandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026, likisema gharama zimepanda mno. Glasgow ikajitokeza kuyaokoa mashindano, lakini kwa masharti ya kubana matumizi: viwanja vinne, michezo 10 basi. Triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, ikaachwa nje.

Nilipolitaja jambo hili barazani, mzee mmoja akanikata: "Na iende! Baiskeli moja bei ya gari, sisi yatuhusu nini?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kwa gharama, sawa, kufunga barabara na kuweka polisi na waokoaji majini si bure. Ila hakuna uwanja wa kujenga. Kwenye michezo ya Birmingham 2022 walitumia bustani ya Sutton Park: ziwani mita 750, baiskeli kilomita 20, miguu kilomita 5, kwisha. Tena michezo ya Glasgow ya 2014 ndiyo iliyoleta kwa mara ya kwanza katika Jumuiya ya Madola mbio za kupokezana za timu mseto, wanawake wawili na wanaume wawili. Leo mji huohuo umeifungia mlango.

Linalonikera zaidi ni hili la kusema ni mchezo wa mataifa makubwa. Mwanatriathloni Flora Duffy anatoka Bermuda, visiwa vyenye watu wasiofika 70,000. Alichukua dhahabu kwenye michezo ya Madola ya Gold Coast 2018, akachukua tena Birmingham, na hapo katikati akaipa Bermuda dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, kule Tokyo. Mombasa peke yake, sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.2.

Lakini hata wa upande wangu wapo wanaonichosha. "Sisi wakimbiaji, tukishuka baiskeli tumemaliza kazi." Wapi! Alex Yee wa Uingereza aliyeshinda Birmingham ni mkimbiaji hasa, bingwa wa nchi yake wa mita 10,000 mwaka 2018. Ila kwanza alitoka majini akiwa bado anawaona wenzake. Ukichelewa dakika nzima, kundi la mbele limeshaondoka, wanakingana upepo kwa zamu, nawe unapigana nao peke yako. Wakikupita mzunguko mzima unatolewa, na hiyo miguu yako ya Iten, mji wa wakimbiaji, hakuna atakayeiona.

Mbio hizohizo, Hayden Wilde wa New Zealand alifungua mkanda wa helmeti kabla ya kuitundika baiskeli mahali pake. Adhabu: sekunde 10. Alikimbia sambamba na Yee mpaka karibu na mwisho, akampa mkono, akaenda kusimama kuzitumikia sekunde zake. Akapata fedha. Mambo kama hayo kijana huyajua kwa kushindana mara nyingi, hayafundishwi kwa mdomo.

Njoo ufuo wa Pirates hapa Mombasa Jumapili jioni. Vijana wamejaa majini, lakini tazama vizuri: wengi wanaogelea kichwa juu kama paka, mita hamsini wameshaishiwa pumzi. Hapo juu barabarani anapita muuza mkate na baiskeli lake zito la Black Mamba, kreti zimepandana nyuma, na bado anapiga mluzi. Nguvu zipo. Anayekosekana ni wa kumfundisha yule kijana kutia uso majini. Na mchezo usiokuwa kwenye ratiba, nani ataukatia bajeti ya mwalimu?

Msimamo wangu: nchi zetu zipaze sauti triathloni irudi kwenye michezo itakayofuata, kama ilivyorudi baada ya kukosekana Delhi 2010. Wakati huo pesa iende kwenye kuogelea kwanza. Baiskeli ya mamilioni ingoje. Mzee wa baraza anasema hata hizo kidogo zipelekwe kwenye mpira. Wewe ungezipeleka wapi?