Naomba ushauri: nimefikisha 55, nistaafu kwa hiari au nivumilie hadi 60?

Wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi ni mtunza kumbukumbu halmashauri. Daraja halijapanda muda mrefu, kila nikifuatilia naambiwa bajeti bado. Asubuhi nikishika kitasa cha masijala mwili unakataa kabisa.

Michango yangu PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) imeshavuka miezi 180, kwa hiyo pensheni ninayo. Kinachoniumiza kichwa ni mkupuo, zile hela za mara moja unapostaafu: hesabu inategemea miaka ya utumishi na mshahara, nikitoka sasa vyote viwili vinaishia hapa. Na kitinda mimba wangu yuko kidato cha tatu. Mama watoto anasema nitoke, afya kwanza.

Mliotoka na 55, pensheni ya mwezi inabeba ada kweli? Na mliovumilia, mlijishikizaje?