Msaada: lenzi ya zamani ya kulenga kwa mkono kwa Sony a6000, nichukue ipi?

Mpiga Picha wa Mbezi
Wakuu, habari za jioni. Natumia Sony a6000 na ile lenzi yake ya 16-50. Kazi zangu ni picha za watu: send-off, kitchen party, na za nje pale Coco Beach. Nataka lenzi moja ya zamani, bajeti isizidi 250,000/= pamoja na adapta (kiunganishi cha lenzi na kamera). Nimepata tatu: Helios 44-2 58mm f/2, Super-Takumar 55mm f/1.8 na Canon FD 50mm f/1.8. Ipi inafaa, adapta gani, na nikienda kuiona nikague nini? Kinachonitisha zaidi ni fangasi, ukizingatia joto na unyevu wa hapa Dar.

Fundi wa Gerezani
Mkuu, usianze na jina la lenzi, anza na hali yake. Helios yenye fangasi haifikii hata robo ya Canon FD safi.

Nenda na tochi ya simu. Fungua tundu la mwanga la lenzi mpaka namba ndogo kabisa (f/2 au f/1.8), washa tochi upande wa nyuma ukiiinamisha kidogo, chungulia kwa mbele, kisha geuza ufanye hivyo hivyo upande wa pili. Nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui ni fangasi. Weupe uliosambaa sawasawa ni ukungu wa mafuta, huo mara nyingi unasafishika. Ukiona rangi za upinde wa mvua zikianzia ukingoni mwa kioo, gundi ya vioo viwili imeachia. Hiyo achana nayo kabisa. Vumbi kidogo ndani wala lisikusumbue, halionekani kwenye picha.

Halafu bladi, yaani vile vipande vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Super-Takumar ina swichi ya A na M, iweke M, zungusha ringi toka f/1.8 hadi f/16 mara kadhaa. Bladi ziwe kavu na zifunge papo hapo. Zikiwa na mng'ao wa mafuta, kwenye lenzi yenye springi zitachelewa na picha zitatoka na mwanga uliozidi. Helios 44-2 haina springi, bladi zake unazisukuma mwenyewe kwa ringi, hivyo mafuta kidogo hayaiharibii kazi. Kwa joto letu hilo ni jambo la maana, kwa sababu grisi ya zamani inalainika na kutiririka.

Mwisho zungusha ringi ya fokasi mwanzo hadi mwisho. Uzito ulio sawa si shida. Ikikwama sehemu moja tu, au ikicheza ukiitikisa, ilianguka au ilifunguliwa na mtu asiyejua.

Binti Upanga
Kuhusu adapta, kaka, kamera yako inakurahisishia mambo. Sony E ina milimita 18 tu kati ya mdomo wa kamera na sensa. Helios na Takumar ni M42 (zinafungwa kwa skrubu), zinataka 45.46, kwa hiyo adapta ni bomba tupu la milimita 27.46. Canon FD inataka 42, adapta yake ni milimita 24. Zote hazihitaji kioo ndani. Ukiuziwa adapta yenye kioo kwa Sony bila maelezo, kataa, labda iwe ile ya kupunguza urefu wa fokasi (speed booster), ambayo ni kitu kingine na bei yake ni kubwa.

Wenye DSLR (kamera zenye kioo cha kuakisi ndani) wanaosoma hapa wawe makini: M42 inakaa vizuri kwenye Canon EF (milimita 44), lakini kwenye Nikon F (46.5) hailengi vitu vya mbali bila kioo cha kusahihisha. FD kwenye Canon EF nayo hivyo hivyo.

Adapta ya FD ina ringi yake inayosukuma kijiti cha bladi. Ukishafunga lenzi, izungushe huku ukichungulia mbele mpaka uone bladi zinafuata namba. Wengi wanasahau hapo, lenzi inabaki wazi muda wote, kisha lawama zinaiangukia lenzi.

Adapta ijaribie ufukweni: lenga meli zilizotia nanga mbali ukiwa f/2. Zikitoka kali kabla ringi haijafika mwisho, adapta ni nyembamba kidogo, itumie tu. Ringi ikigota mwisho na meli bado hazijakaa sawa, adapta ni nene. Irudishe dukani.

Nuru ya Kigamboni
Mipangilio ya a6000. Kwanza tafuta "Release w/o Lens" kwenye menyu uiwashe, vinginevyo kamera itagoma kupiga kwa sababu haioni lenzi. Pili, usitumie hali ya A ya kamera (inayojichagulia shata) pamoja na ISO ya otomatiki. Kamera haijui kama umefunga 58mm, itakupa shata ya 1/60 na watu watatoka wametikisika. Weka M, shata 1/160 au 1/200, ISO iwe otomatiki, apacha (ukubwa wa tundu la mwanga) izungushe kwenye lenzi.

Zile rangi zinazoonyesha sehemu iliyo kali (focus peaking) zisaidie kukaribia tu. Ukiwa f/2 kwa mita 1.5, sehemu kali kwenye sensa yako ni kama sentimita 5, wakati rangi inaweza kupaka toka pua hadi sikio. Weka kitufe cha kukuza picha kwenye C1, kuza jicho la karibu, lenga, piga. Ukienda f/4 unapata sentimita 10 hivi, na kwa maharusi wawili hata f/5.6 ni salama zaidi.

Helios ina ringi mbili za apacha. Yenye miguso unaiweka kwenye f/4, ile laini unaifungua mpaka f/2 ulenge kukiwa na mwanga wa kutosha, kisha unaifunga mpaka igote bila kutoa jicho kwenye kamera. Uzuri wake wa kuzungusha majani ya nyuma unatokea mtu akiwa mita 1 hadi 2, na nyuma yake kuna miti inayopenyeza mwanga. Ila sensa ya kamera yako, APS-C, ni ndogo na inakata kingo za picha, na mzunguko uko kingoni, hivyo utauona kwa uhafifu.

Bibi harusi anapoingia ukumbini rudi kwenye 16-50. Hizi ni za picha za kupanga.

Mpiga Picha wa Mbezi
Asanteni sana wakuu. Muuzaji wa Helios anasema ina "fangasi kidogo pembeni." Na Takumar vioo vyake vina njano. Niziache zote mbili?

Fundi wa Gerezani
Helios iache. Fangasi anakula ile tabaka ya juu ya kioo, hata ukisafisha alama inaweza kubaki. Dawa ipo: haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na amonia kwa kiasi sawa, dakika chache, suuza kwa maji yaliyopatikana kwa mvuke (distilled water), halafu isopropili ya asilimia 99. Lakini inabidi kufungua lenzi, na mchanganyiko huo usikutane na jiki hata kidogo, unatoa hewa ya sumu.

Njano ya Takumar si uchafu. Kioo chake kina thoriamu, na mionzi yake ndiyo inayokibadili rangi taratibu. Iweke chini ya taa ya UV, upande wa nyuma ukitazama taa, kwa siku kadhaa mpaka wiki chache. Jua la Dar nalo linafanya kazi hiyo, ila funika mwili wa lenzi kwa karatasi ya foili na usiiache ndani ya gari, grisi itaingia kwenye bladi. Kuitumia si tatizo, usisugue wala kuvunja kioo tu. Kama bladi ni kavu na tochi inaonyesha safi, chukua Takumar.

Binti Upanga
Utunzaji: boksi la plastiki lenye mpira mfunikoni, la lita 10, weka silika jeli gramu 200 na kipima unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Rangi ya silika ikibadilika, ioke kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa 2. Wakati wa masika kagua kila wiki. Mchele hausaidii, unaongeza vumbi, na zile kava za ngozi za zamani zitoe kabisa maana fangasi wanaanzia humo. Ukitoka kwenye ukumbi wenye AC kwenda nje, acha lenzi ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 hadi 30, maana mvuke ukishaingia kati ya vioo huwezi kuufuta.