Silinda ya rivolva ichorwe na matundu mangapi?

Kalamu ya Kamalondo
Jambo yenu wote. Tunatayarisha bande dessinée (kitabu cha michoro) ya hadithi inayoanzia Élisabethville miaka ya 1910 na kuishia Lubumbashi ya leo. Ndani yake kuna rivolva mbili, yaani bastola zenye silinda inayozunguka na kubeba risasi: moja ya afisa Mbelgiji, ingine ya mlinzi wa siku hizi, ndogo ya kuingia mfukoni. Mchoraji ameweka matundu sita kwa zote mbili. Mwenzake anabisha kwamba ile ndogo ni tano, na wa tatu ameleta picha ya rivolva aina ya Nagant yenye saba. Silinda inapaswa kubeba risasi ngapi? Wasomaji wetu wanahesabu milio, ikizidi tu wanatuandikia.

Fundi Katuba
Hakuna sheria ya sita. Kinachoamua ni unene wa risasi na upana wa silinda, basi.

Chukua risasi ya .38 Special. Ganda lake lina unene wa mm 9.6 hivi, lakini ukingo wa kitako chake unafika mm 11.2, na kingo mbili haziwezi kupandana. Ukipanga risasi sita kwa duara, kitovu cha kila tundu kitakaa angalau mm 11.2 kutoka katikati ya silinda. Ongeza nusu ya tundu, mm 4.8, umefika 16. Sasa rivolva ndogo kama Smith & Wesson Model 36 ina silinda ya upana wa mm 33 hivi, nusu yake ni 16.6. Ukuta wa nje unabaki nusu milimita na kidogo! Presha ya baruti itaupasua. Ukiweka matano, vitovu vinaingia ndani hadi mm 9.5 na ukuta unapata mm 2 na zaidi. Kwa hiyo anayebisha ana haki: ya mfukoni, kwa risasi ya .38, ni tano.

Hesabu hiyohiyo inakupa zingine. Silinda ya karibu mm 37, kama ya Model 10 ya kampuni hiyohiyo, inabeba sita. Risasi saba za .357 zinataka karibu mm 40, nane mm 43, na hapo bunduki imeshakuwa nene na nzito. Risasi nyembamba za .22 zinaingia hata kumi. Ila Smith & Wesson Model 500, ambayo ni jitu la bastola, inabeba tano tu kwa sababu risasi zake ni nene mno.

Atelier Kampemba
Yaya Fundi amesema vizuri. Naongeza jambo ambalo wachoraji wanakosea kila mara: mifereji iliyochongwa nje ya silinda hukaa KATI ya matundu, haikai juu yake. Pale kati ndipo kuna chuma cha kupunguza. Matundu sita, mifereji sita.

Kuna pia vile vishimo vidogo karibu na nyuma, ambamo kizuizi huingia kutoka chini ili tundu lisimame sawa na mtutu. Kwenye silinda ya sita, tundu moja likiwa juu lingine liko chini kabisa, kwa hiyo kishimo kinaangukia karibu na tundu, mahali ukuta ni mwembamba. Ya tano au saba haina shida hiyo: chini kabisa ni kati ya matundu mawili. Kwa jicho la fundi, tano ni silinda yenye nguvu, si upungufu.

Msomaji wa Kenya
Kwa afisa Mbelgiji wekeni saba tu. Nagant ni saba.

Fundi Katuba
Hapana mukubwa, hapo tunachanganya Nagant mbili. Zote zimetoka mikononi mwa familia moja ya Liège, lakini ile ya jeshi la Ubelgiji ya 1878 ni ya mm 9 na inabeba SITA. Ya saba ni ya Urusi, ya 1895, mm 7.62. Hiyo ya Urusi inajulikana hata ukiitazama kwa mbele: kichwa cha risasi kimezama chote ndani ya ganda, unaona midomo ya maganda tu. Nyundo ikivutwa, silinda nzima inasogea mbele kuziba mwanya wa mtutu. Mkimpa afisa wa 1910 silinda ya saba, mmempa bunduki ya Mrusi.

Kalamu ya Kamalondo
Aksanti sana. Basi afisa sita, mlinzi tano. Akimaliza sita, afisa anajazaje? Tuna ukurasa mzima wa hapo.

Atelier Kampemba
Polepole, na ukurasa wenu utafaidika. Nagant ya 1878 haifunguki ubavuni. Kuna kifuniko kidogo upande wa kulia, nyuma ya silinda: anakifungua, anasukuma ganda moja kwa ufito ulio mbele, anazungusha tundu moja, anasukuma lingine. Maganda sita, misukumo sita, kisha risasi mpya moja moja kwa mlango huohuo. Msichore silinda ikitoka pembeni.

Ya mlinzi ndiyo inayotoka, upande wa kushoto: anasukuma ufito mara moja, maganda matano yanatoka pamoja. Aelekeze mtutu juu anaposukuma. Ukielekea chini, ganda linaweza kuteleza chini ya kile kinyota cha kutolea na silinda haitafungika tena.

Na kwa picha ya mtutu unaomtazama msomaji: tundu la juu halionekani, limefichwa na mtutu. Onyesheni vichwa vya risasi ubavuni, viwili kila upande, kwa sita na kwa tano vilevile. Kwa sita, lile la chini kabisa linafichwa na fremu, yaani mwili wa bastola.