Kufundisha sheria ya maafa Tanzania: tuanze na sheria ipi?

Mwalimu_Dom
Wakuu, habari za humu. Naandaa somo la hiari la sheria ya maafa kwa wanafunzi wa sheria mwaka wa tatu, wiki 14, saa 2 kwa wiki. Rasimu yangu inafungua na tangazo la hali ya hatari chini ya Ibara ya 32 ya Katiba, halafu Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2015, halafu Mfumo wa Sendai, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya kupunguza hatari za maafa. Mpangilio huu umekaa sawa? Zanzibar niiweke wapi? Na mtihani uweje, maana kukariri vifungu hakumsaidii mtu atakayeajiriwa halmashauri?

Rasimu na Kanuni
Mwalimu, anza kwa kufuta hiyo ya 2015. Sheria Na. 7 ya 2015 ilishafutwa na Sheria Na. 6 ya 2022. Ya 2015 iliunda wakala. Ya 2022 imesimama juu ya kamati, kutoka taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Ila usiitupe, wala ile Na. 9 ya 1990. Ya 1990 ilihusu uratibu wa misaada, yaani tunakutana watu wakishaumia. Waulize wanafunzi ni majukumu gani yameongezeka kabla ya tukio. Hapo ndipo Sendai inapata mahali pa kukaa, badala ya kuelea peke yake mwishoni. Angalia pia namba za vifungu kwenye Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria za nchi zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, lililoanza kutumika Julai 2025, usije ukafundisha namba za zamani.

Ibara ya 32 ipeleke wiki ya 9 au 10. Ukiifungulia somo, wanafunzi watadhani bila tangazo la Rais hakuna sheria inayofanya kazi, wakati mafuriko na moto wa kila mwaka hushughulikiwa bila tangazo hilo. Lenyewe lina masharti mazito: nakala kwa Spika, Bunge kuitishwa ndani ya siku zisizozidi 14, na azimio la theluthi mbili ya wabunge wote.

Halafu kuna mtego wa lugha. "Hatari" ya mtaalamu wa maafa ni uwezekano wa madhara. "Hali ya hatari" ya Katiba ni mamlaka ya kipekee. Tenga nusu saa ya kwanza kwa maneno hayo, pamoja na janga, maafa na dharura. Bila hivyo utasahihisha kosa lile lile hadi wiki ya 14.

Mwambao
Zanzibar usiifanye kiambatisho cha wiki ya mwisho. Fungua orodha ya Mambo ya Muungano kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba: mamlaka juu ya hali ya hatari yamo, jambo la tano. Usimamizi wa maafa haumo. Ndiyo maana Zanzibar ina Sheria yake Na. 1 ya 2015 na Kamisheni yake ya Kukabiliana na Maafa. Wape mfano wa meli ya MV Spice Islander I, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, kisha waandike: chombo hicho kikizama leo, nani anaongoza uokoaji, na askari au boti za Bara zikihitajika, ombi linapita wapi? Wengi watajibu "Serikali". Jibu hilo lipe sifuri.

Wakili_Nakuru
Kutoka huku Kenya, naongeza fedha. Katiba yetu ya 2010 imeweka majanga kwa serikali ya kitaifa na kwa kaunti pia, katika Jedwali la Nne. Swali la kwanza basi huwa ni nani analipa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, malipo kutoka Hazina ya Dharura ya kaunti kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato yake, kwa hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Wape bajeti ya kaunti ya kubuni, mafuriko mawili ndani ya mwaka mmoja, wapige hesabu. Mafuriko ya pili yakifika, dari ya asilimia 2 imeshaguswa. Kwenu fanyeni hivyo hivyo na Ibara ya 140 ya Katiba yenu, ya mfuko wa matumizi ya dharura, na sheria ya ununuzi wa umma.

Forodha_na_Misaada
Kuhusu mtihani: zoezi la mezani, saa 3, vikundi vya watu 6, kadi za tukio zinatoka moja moja. Tumia maporomoko ya tope kama ya Katesh, mkoani Manyara, Desemba 2023. Kadi ya kwanza: onyo la mvua kubwa limetoka, nani ana mamlaka ya kuhamisha watu? Ya pili: shule imegeuzwa kambi. Ya tatu ndiyo huwaangusha: kontena la dawa za msaada limefika bandarini, halina kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na dawa zimebakiza miezi 4 kuisha muda, wakati mwongozo wa WHO unataka angalau mwaka mmoja. Wengi hukimbilia msamaha wa ushuru kwenye Jedwali la Tano la Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, wakasahau kwamba VAT ina sheria yake na kibali cha dawa ni jambo jingine kabisa.

Sahihisha barua, si insha: kila kikundi kiandike barua ya ukurasa mmoja, yenye kifungu, ofisi inayoandikiwa na siku ya mwisho ya kujibiwa. Barua isiyo na kifungu, nusu ya alama.

Mwalimu_Dom
Nimeelewa. Ibara ya 32 inahamia wiki ya 10, Zanzibar wiki ya 3. Kontena linaingia kwenye mtihani.